Itoka ya Uwanja wa Chini

Tulishinda. Naliweka hilo mbele kabisa, kwa sababu siku hizi kila mtu mjini Isiolo anasimulia habari ya uwanja wa chini kana kwamba alikuwepo, na wengine wanaisimulia vibaya. Mimi nilikuwepo. Mimi ni Gacheri, mama yake Gakii, muuza nguo sokoni, na mwaka ule wa 1984 nilikuwa mjumbe wa kamati ya shule. Nilikuwa na mdomo kuliko wajumbe wote, hata wao watakwambia.

Shule yetu ni ya kanisa. Iko ukingoni mwa mtaa wa Wabera, na ilianzishwa mwaka wa 1973 na mmisionari mmoja mrefu ambaye alirudi kwao na ramani ya kiwanja kichwani mwake. Watoto wake ni mchanganyiko: Wameru, Wakikuyu, Waturkana, na Waborana wengi, ambao ni Waislamu. Asubuhi wote huimba wimbo wa kanisa kwa sauti moja, halafu Ijumaa mchana nusu yao wanakwenda msikitini. Hakuna aliyewahi kuona ajabu, isipokuwa Bwana Gerishon.

Watu huniuliza kamati ya shule hufanya nini hasa. Hatufundishi, hiyo ni kazi ya walimu. Hatuhubiri, hiyo ni kazi ya kanisa, ambalo lina wajumbe wake katika kamati. Sisi tunalinda. Paa likivuja ni letu, choo kikijaa ni chetu, mwalimu akikosa nyumba ni shida yetu, na mtu akitia mkono penye mali ya watoto, mkono huo ni sisi wa kuuondoa. Ni kazi isiyo na mshahara wala shukrani, na sijawahi kuipenda kazi nyingine namna ile.

Mwenyekiti wetu alikuwa Mzee Jaldesa Kanchoro, Mborana, mfanyabiashara wa mifugo, mrefu, mwenye kofia nyeupe na maneno machache. Tulimchagua sisi wenyewe. Siku ile Gerishon alisimama. Yeye alikuwa mjumbe upande wa kanisa, Mkikuyu mwenye malori mawili na koti alilolivaa hata jua likiwa kali namna gani.

"Hii ni shule ya Kikristo," alisema. "Mwenyekiti ni lazima awe mtu amebatizwa. Ama tutafungua mkutano na nini?"

Mchungaji alijibu kwa upole kwamba kanisa lina viti vyake na wazazi wana vyao, na kura imeshapigwa. Jaldesa mwenyewe hakukasirika. Alisema, "Mkutano tutafungua na maombi. Mama Gakii ataomba. Mimi nitavua kofia."

Na ndivyo ilivyokuwa tangu siku ile. Jaldesa anavua kofia, anainamisha kichwa, mimi naomba. Nikijua Gerishon ana jambo anataka kulisema haraka, naomba kirefu, nikiwataja wagonjwa wote wa Isiolo mmoja mmoja. Mungu anisamehe, nilifurahia. Lakini Gerishon hakukubali kamwe. Kila mmoja wetu alimwita Jaldesa "mwenyekiti". Yeye alisema "huyu mzee".

Basi ukaja ukame wa 1984. Aliyeuona hahitaji kuambiwa, na asiyeuona sijui nimwambieje. Watu wa Sericho, wafugaji wa kule nyikani, walifika mjini kwa miguu na mbuzi waliokuwa wanaanguka njiani, wanawake wamebeba watoto na fito za nyumba zao. Hawakuwa na mahali pa kwenda. Asubuhi moja nilipita shuleni nikakuta uwanja wa chini umejaa vibanda na mazizi, na mbuzi wanalia kila upande.

Uwanja wa chini ndio uliokuwa tumaini letu. Juu, penye madarasa, ni mwamba mtupu na majengo yamebanana. Chini palikuwa na ardhi tambarare, imezungushiwa ua wa matawi ya miiba. Na serikali ilikuwa imeshatangaza kwamba Januari watoto wa darasa la saba watapanda la nane, darasa ambalo halijawahi kuwako, na kila shule ijijengee chumba chake. Shule isiyokuwa na chumba, watoto wake wagawanywe kwingine. Chumba chetu kilikuwa kijengwe pale, mahali mbuzi wa Sericho walipokuwa wanajikuna.

Nilimkuta Jaldesa katikati ya vibanda, ameshika birika la chai.

"Nani ameruhusu?" nikamuuliza.

"Mimi."

"Na kamati?"

"Mama Gakii, mtu anafika na mtoto mgongoni, mbuzi yake inakufa mbele yako. Wewe unamwambia ngoja kamati?"

"Ndiyo! Hivyo hasa! Ngoja kamati! Kamati ni ya nini?"

"Sasa nimekosa," akasema. "Chukua chai."

Nilichukua chai, lakini alikuwa amekosa kweli. Kwa Mborana, majani na nafasi ya kulala si vitu vya kumnyima mtu wakati wa njaa, na ua si kitu kitakatifu. Wale watu walipika, na kuni walizozipata karibu ni matawi ya ua wetu. Mwezi haukuisha kabla ua wote haujaenda kwenye mafiga. Mbuzi nao wakamaliza kila jani lililokuwa limebaki. Ukisimama pale juu ukatazama chini, huoni tena shule inaishia wapi na nyika inaanzia wapi. Palikuwa vumbi, samadi na vibanda tu.

Gerishon aliona kabla yetu sote.

Siku moja tukakuta mawe yamepakwa chokaa nyeupe, yamepangwa nyuma tu ya vyoo vya shule. Upande wa chini wa mawe, Gerishon amesimama na mafundi wawili, anawaonyesha mahali pa kuegesha malori. Alidai uwanja ule haukuwahi kuwa wa shule. Shule, kwa maneno yake, ilikuwa inaishia vyooni. Ule uwanja ulikuwa ardhi ya wazi tu, ambayo mtu yeyote angeweza kuiomba, naye ameiomba.

Kamati ilikutana siku hiyo hiyo. Siku hiyo niliomba kwa ufupi.

"Wewe ni mjumbe wa kanisa," nilimwambia Gerishon. "Umekaa katika kamati hii tangu shule ianze. Leo unatuibia?"

"Mama Gakii, chunga mdomo. Kama ni ya shule, nionyeshe mpaka." Akamgeukia Jaldesa. "Ama muulize huyu mzee ua ilienda wapi. Ndiyo kazi ya mwenyekiti, kuchoma ua?"

Nilimwona Jaldesa akiitazama mikono yake. Nilijua anachokifikiria, kwa sababu alikuwa ameniambia sokoni. Msichana wake Qabale alikuwa darasa la saba pamoja na Gakii wangu. Mimi, Gakii akikosa nafasi, ningempeleka kwa mama yangu Meru na kulia kila jioni, kwa kuwa sina mtoto mwingine. Lakini angesoma. "Wangu akitoka hii shule, atakaa nyumbani," Jaldesa aliniambia. "Akikaa nyumbani, ndugu zangu watakuja na mambo ya ndoa. Mimi najua watu wangu. Nimewaambia subiri, yuko shule. Sasa nitawaambia nini?" Na sasa alikuwa ameupoteza ua kwa mkono wake mwenyewe, na darasa la binti yake pamoja nao.

Ndipo Mama Rahab akazungumza. Rahab alikuwa mjane wa Muiruri, mwenyekiti wetu wa kwanza, aliyefariki miaka kadhaa nyuma. Mikutanoni alikuwa anafuma sweta tu, hata tulikuwa tunasahau kwamba ana kura.

"Mpaka uko," alisema, bila kuacha kufuma. "Muiruri alipanda itoka. Alitoa kwetu Nyeri kwa gunia, mimi nikabeba. Kutoka kwa mgunga ule mkubwa mpaka kwa lagga, ile mto kavu. Baadaye miiba ya ua ikafunika. Na Gerishon anajua. Yeye ndiye alishika kamba upande ile ingine."

Chumba kizima kilimgeukia Gerishon. Yeye alicheka.

"Mama, mzee wako alipenda maua, Mungu amrehemu. Mimi sikushika kamba yoyote. Na hayo maua yako wapi?"

Mimi nilizaliwa Meru, nikaishi jirani na Wakikuyu, kwa hiyo nilijua habari ya itoka. Ni ua lenye kitunguu kikubwa ardhini, na kwa Wakikuyu si pambo. Likipandwa mpakani mbele ya majirani, limekuwa shahidi. Mtu akiling'oa au kulichimba ili kusogeza mpaka, amejiletea laana yeye na watoto wake. Wazee wa Kikuyu waliokwenda kanisani miaka arobaini bado wanapita kando ya itoka kwa adabu.

Niliruka kutoka kitini. "Basi limeisha! Vitunguu viko chini ya ardhi. Tuchimbe tumwonyeshe!"

Nilikwenda mbio stoo nikaleta jembe. Rahab alinisubiri mlangoni.

"Rudisha hiyo jembe."

"Mama Rahab, tukichimba kimoja tu..."

"Itoka ya mpaka haichimbwi. Si na Gerishon, si na wewe. Mimi nitoe shahidi ya mume wangu na jembe? Afadhali shule ikose."

Nilikasirika hata machozi yakanitoka. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Binti yangu afukuzwe shuleni kwa sababu ya heshima ya kitunguu! Nilimgeukia Jaldesa, nikitumaini kwamba yeye, Mwislamu, mtu wa ng'ombe, hana habari na mambo ya Wakikuyu, ataniambia nichimbe.

Jaldesa alimgeukia Rahab.

"Hii maua, mbuzi inakula?" akamuuliza.

"Mbuzi haigusi."

"Na jua? Jua inaua?"

"Majani tu. Kitunguu inalala. Mvua ikikuja, inaamka."

"Basi weka jembe, Mama Gakii," alisema. "Kwetu mtu hachezi na kisima ya mwenzake hata kama ana kiu. Hii naelewa. Tutangoja mvua."

"Na isiponyesha?"

"Hiyo si kazi ya kamati."

D.O., afisa wa serikali wa tarafa, alikuja na wazee wa baraza kusikiliza kesi. Alikuwa kijana, viatu vyake vinang'aa, ametumwa Isiolo juzi tu. Gerishon alieleza vizuri sana, koti limefungwa vifungo vyote: hakuna ua, hakuna mawe ya mpaka, hakuna alama yoyote. D.O. akamwuliza Jaldesa ushahidi wa shule ni nini.

"Ushahidi yetu iko chini ya ardhi, bwana D.O. Inangoja mvua."

Watu walicheka mpaka wengine wakashika matumbo. Hata wazee wa baraza walifunika midomo. Jaldesa alisimama pale pale, kofia imenyooka, akangoja kicheko kiishe kama anavyongoja mnunuzi amalize kumdharau dume lake. Kisha Rahab akaeleza habari ya itoka. Mzee mmoja wa baraza, Mkikuyu mwenye mkongojo, akaacha kucheka mara moja. Alimnong'oneza D.O. kwa muda mrefu.

"Nitarudi kabla shule zifungwe," D.O. alisema hatimaye. "Kama kuna alama, nitaiona. Kama hakuna, Bwana Gerishon atajenga. Mpaka wakati huo, mtu yeyote asiguse hapa."

Sijawahi kutazama mbingu kama nilivyozitazama majuma yale. Sokoni nilipima vitambaa vibaya kwa sababu ya kutazama juu. Kila wingu lililotokea upande wa Meru nililiombea, nalo lilipita likaenda zake. Gerishon aliendelea kununua mawe ya kujengea na kuyamwaga kando ya barabara ili tuyaone. Akinipita ananisalimu kwa sauti kubwa, "Bwana asifiwe, Mama Gakii! Mvua iko?" Ningekuwa na kitu mkononi ningemrushia.

Mvua ikaja mchana mmoja, bila kubisha hodi. Upepo uliinua mabati, vumbi likasimama, kisha matone makubwa yakaanza kupiga soko. Wenzangu walikimbilia kufunika nguo zao. Mimi niliziacha zangu zilowe. Nilisimama barabarani nikiwa nimeinua mikono, na Jaldesa akatokea upande wa soko la ng'ombe, kofia imelowa imemshika kichwa, anatembea taratibu ndani ya mvua ile kana kwamba ni jua. "Nagaa, Mama Gakii," alisema, amani, kama wanavyosalimiana Waborana. Meno yake yote yalikuwa nje.

Ilinyesha tena, na tena. Watu wa Sericho waliposikia kwamba hata kwao kumenyesha, walifungua vibanda, wakapakia fito juu ya punda na ngamia waliobaki, wakaondoka wakimbariki Jaldesa mmoja baada ya mwingine. Waliacha uwanja mtupu, umelowa, na samadi ya miezi imelala juu yake nene kama blanketi.

Sikuona kitu. Nilikwenda kila siku, nikainama, nikapapasa kwa macho. Matope tu. Nikaanza kuwaza kwamba mbuzi hawali lakini wanakanyaga, na kwamba labda Muiruri alipanda kweli na vikafa zamani, na sisi tunalinda kaburi. Nilimwambia Rahab. Akaniambia niende nikauze nguo.

Asubuhi moja mlinzi wa shule alikuja sokoni akihema, akaniambia nije. Sikuuliza. Nilikimbia na futi yangu ya kupimia ikining'inia shingoni.

Zilikuwa zimetoka. Ncha nene za kijani zilikuwa zimepasua samadi, moja, halafu hatua chache nyingine, halafu nyingine, kutoka kwenye mgunga mkubwa mpaka kwenye lagga, mstari ulionyooka kuliko ukuta wa darasa. Uwanja wote wa chini ulikuwa ndani ya mstari, na mawe meupe ya Gerishon yalikuwa mbali sana ndani ya shule, yamesimama kijinga nyuma ya vyoo. Nilikaa chini matopeni nikacheka, kisha nikalia, kisha nikacheka tena.

Jaldesa alikuja na kuufuata mstari mwanzo hadi mwisho, mikono nyuma, bila kukanyaga hata jani. Alipofika lagga aligeuka.

"Zimenona," alisema. "Samadi ya mbuzi ya Sericho."

Ni kweli. Rahab alisema hata kwao Nyeri hajawahi kuona itoka zilizonenepa hivyo. Kosa la mwenyekiti wetu lilikuwa limezilisha miezi yote ile. Siku chache baadaye zikatoa maua, makubwa, meupe, kila jani la ua lina mstari wa waridi katikati, na watoto wakawa wanakwenda wakati wa mapumziko kuyatazama tu, bila kutumwa na mwalimu yeyote.

Nilitaka tuweke walinzi usiku, maana Gerishon angeweza kuyang'oa yote tukiwa tumelala. Rahab alinitazama kwa huruma. "Nenda ulale. Hawezi."

Siku ya D.O. kurudi, nusu ya mji ilikuwa pale. Wazazi, walimu, darasa zima la saba, wanawake wa Kiborana na shuka zao za rangi, mchungaji, watu wa soko la ng'ombe. Viatu vya D.O. vilizama matopeni, naye hakujali. Aliutazama mstari ule, akautazama tena.

Gerishon alikuja na koti lake. Uso wake ulikuwa umechoka, lakini sauti ilikuwa ileile.

"Bwana D.O., haya ni maua ya porini. Mvua ikinyesha yanamea kila mahali."

"Yanamea kwa kamba?" nikapiga kelele. "Porini kuna fundi?"

Watu walicheka. D.O. aliinua mkono kuninyamazisha. "Mstari naona," alisema. "Lakini nani ataapa ulipandwa na shule? Mama huyu anasema hivi, bwana huyu anasema vile. Maua hayasemi."

Jaldesa akasogea mbele. Alivua kofia, kama anavyofanya tunapoomba.

"Bwana D.O., mimi nina ombi moja tu. Bwana Gerishon anasema ni maua ya porini. Sawa. Ang'oe moja. Moja tu, hapa, mbele ya watu. Aking'oa, sisi tunaondoka na uwanja ni yake. Mimi kama mwenyekiti nasema hivyo."

Nilitaka kumrukia nimzibe mdomo. Darasa la Gakii, darasa la Qabale, yote ameyaweka juu ya shina moja la ua! Kamati haikuulizwa, tena! Nikamgeukia Rahab ili tupinge pamoja, nikaona ameacha kufuma. Sindano zilikuwa zimetulia mapajani, naye ametulia kama mtu ambaye chakula chake kinakaribia kuiva.

"Haya, ni rahisi," D.O. alisema. "Bwana Gerishon, ng'oa."

Gerishon alicheka kidogo. Alifungua kifungo cha koti, akachuchumaa, akashika shina karibu na ardhi. Lilikuwa nene, limejaa maji, hata mtoto angeling'oa. Mkono wake ulilizunguka. Nilisikia ng'ombe wakilia kule sokoni. Aliendelea kushika. Jasho lilimtoka kipajini, likatiririka mpaka puani, likadondoka juu ya ua. Yule mzee wa mkongojo alirudi nyuma hatua mbili, akawavuta na wenzake.

"Gerishon," Rahab aliita. Hakuita kwa hasira. Aliita tu jina.

Mkono ukafunguka. Gerishon alibaki amechuchumaa, anatazama matope.

"Nilishika kamba," alisema.

"Sema kwa nguvu," D.O. akasema.

"Nilishika kamba!" Alisimama, uso umelowa, sikujua ni jasho au nini. "Muiruri alikuwa kwa mgunga, mimi kwa lagga. Alisema tumewapandia watoto, na sisi ni mashahidi. Nilidhani zimekufa. Nilidhani..."

Kelele iliyotoka pale sijawahi kuisikia tena Isiolo. Wanawake wa Kiborana walipiga vigelegele, Wameru tukajibu, watoto wa darasa la saba wakaruka mpaka mwalimu mkuu mwenyewe akaruka nao. Gakii na Qabale walikuwa wameshikana viuno wanazunguka matopeni, sare zimeharibika, na mimi sikusema neno. D.O. alisema uwanja ni wa shule, akalisema mara ya pili kwa sababu hakuna aliyesikia mara ya kwanza. Nilimkumbatia Rahab nikamwomba radhi kwa maneno yote niliyomwambia. Alisema alishayasahau, jambo ambalo si kweli, kwa sababu ananikumbusha hadi leo.

Jaldesa alikuwa ameketi juu ya jiwe moja jeupe la Gerishon. Nikamfuata.

"Mwenyekiti, ungetuua! Ulijuaje kwamba hatang'oa?"

"Sikujua," alisema. "Nilimuuliza Mama Rahab. Yeye alijua." Kisha akaongeza, "Na kamati, nitaomba msamaha kwa mkutano. Andaa maombi ndefu."

Tulijenga. Sitaeleza kila jiwe, ingawa ningependa. Wazazi walichimba msingi, wengine wa jembe na wengine wa kushangilia tu. Watu wa soko la ng'ombe walitoa madume, watu wa maduka wakatoa mabati. Wanawake wa Kiborana, ambao kwao nyumba hujengwa na mwanamke, waliwasahihisha mafundi mpaka mafundi wakatishia kugoma. Siku ya tatu ya kazi lori liliingia, limejaa mawe yale yale yaliyokuwa yamemwagwa kando ya barabara. Gerishon alishuka, akafungua ubao wa nyuma, akaanza kushusha mwenyewe. Nilikuwa na maneno matamu ya kumchoma, nimeyatunza majuma mengi. Mchungaji akanitazama. Nikayameza, na ilikuwa tabu.

Januari darasa la nane lilifunguliwa, chokaa bado mbichi ukutani. Gakii na Qabale waliketi dawati moja, mbele kabisa, na dirisha lao lilitazama ule mstari.

Lakini siku ninayoikumbuka zaidi ilikuja baadaye kidogo, mvua za masika zilipoanza. Kamati iliamua kwamba upande mmoja hautoshi, shule izungushiwe itoka pande zote. Gerishon alikwenda kwao akarudi na magunia mawili ya vitunguu. Tukatoka sote, wajumbe wote, na watoto na majirani wakaja kushuhudia, kama inavyotakiwa. Rahab akawa ndiye wa kusema wapi na wapi.

Gerishon alivua koti. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona bila koti. Alifungua bunda la kamba, akafunga ncha moja kwenye mti wa kona, akaanza kutembea huku anaiachia, mpaka akafika pale alipokuwa amesimama Jaldesa. Akamnyooshea ncha ya pili.

"Shika hapa, Mwenyekiti," alisema.

Jaldesa alivua kofia, akaishika kamba kwa mikono miwili, akaivuta mpaka ikanyooka.